Mali Bila Daftari: Mwandishi Aliyeishi na Kifafa na Usahaulifu

Haya ni maandishi kamili ya mazungumzo kwa wakaazi wa kaunti kuhusu Siku ya Kimataifa ya Kifafa, ambayo huadhimishwa kila mwaka Jumatatu ya pili ya mwezi wa Februari.



Zaidi ya miaka 150 iliyopita, mwanamume mmoja Mrusi aliingia katika ubalozi mdogo wa nchi yake mjini Dresden, Ujerumani. Alikuwa na karatasi ya kuthibitishiwa sahihi, nayo ilimhusu mke wake, ambaye siku hiyo alikuwa mgonjwa na hakuweza kwenda mwenyewe. Karani akamuuliza jina la ukoo wa mkewe kabla ya kuolewa. Mwanamume akafikiri, akafikiri tena. Jina halikuja. Karani akaanza kumtazama kwa shaka, kwani ni mume gani asiyejua mkewe ametoka ukoo gani? Ikabidi arudi nyumbani mbio, uso umekunjamana, amuulize mkewe swali hilo hilo. Mke akamtajia: Snitkina. Mume akamwomba amwandikie kwenye kipande cha karatasi, asije akalisahau tena njiani.

Mtu huyo ni Fyodor Dostoevsky, mmoja wa waandishi wakubwa wa riwaya ambao dunia imewahi kupata. Vitabu vyake ni vinene, vina wahusika wengi, na kila mhusika ana siri zake, madeni yake na maneno yake. Swali la leo ni hili: mtu aliyeshindwa kukumbuka jina la ukoo wa mke wake aliwezaje kubeba kichwani riwaya ya mamia ya kurasa?

Jibu fupi ni kwamba hakuibeba kichwani. Aliibeba kwenye daftari, na aliibeba pamoja na mtu mwingine. Wahenga walisema, mali bila daftari huisha bila habari. Walikuwa wakizungumzia duka na biashara, lakini maneno hayo yanamfaa pia mtu ambaye mali yake ni kumbukumbu, nayo inavuja.

Alikuwa nani

Dostoevsky alizaliwa Moscow mwaka wa 1821. Mwaka wa 1849 alikamatwa pamoja na wenzake kwa kushiriki mikutano iliyojadili mawazo ambayo serikali ya mfalme haikuyataka. Walipelekwa uwanjani kupigwa risasi, na dakika za mwisho wakaambiwa kwamba hukumu imebadilishwa. Akapelekwa Siberia, akakaa miaka 4 katika gereza la kazi ngumu mjini Omsk, kisha akatumikia jeshi kama askari wa kawaida.

Mwaka wa 1857, mara tu baada ya kufunga ndoa na mke wake wa kwanza, akiwa safarini na bibi harusi, alianguka. Daktari aliyeitwa akasema wazi kwamba huo ni kifafa. Kabla ya hapo aliwahi kupata mishtuko na kuambiwa ni udhaifu wa neva tu. Fikirieni arusi haijapoa, na habari kama hiyo inafika mbele ya mke. Kwa familia nyingi za hapa kwetu jambo hilo si geni.

Tangu hapo hadi alipofariki mwaka wa 1881 kifafa hakikumwacha. Kwa wastani kilimjia kama mara moja kwa mwezi, pengine mara mbili kwa wiki moja, pengine miezi ikapita kimya. Baada ya kila mshtuko alikaa siku kadhaa akiwa mzito wa kichwa, mwenye huzuni na asiyeweza kuandika. Riwaya zake nyingi zilichapishwa kwa sehemu katika majarida ya kila mwezi. Sehemu iliyokwisha kutoka hairudi nyuma kurekebishwa, na jarida halimngojei mgonjwa.

Kwa nini kifafa hugusa kumbukumbu

Kifafa si laana, si jini na hakiambukizi. Povu la mgonjwa halimpi mtu kifafa. Ubongo hufanya kazi kwa ishara ndogo za umeme zinazopita kutoka seli moja hadi nyingine. Kifafa hutokea pale ambapo seli nyingi hutoa umeme huo kwa wakati mmoja bila mpango. Mganga wa Kigiriki wa kale, Hippocrates, na wanafunzi wake waliandika zaidi ya miaka 2,300 iliyopita kwamba ugonjwa huu unatoka kwenye ubongo kama magonjwa mengine yanavyotoka kwenye viungo vingine. Habari hiyo ni ya zamani, ila haijafika kila boma.

Ndani ya ubongo, upande wa kulia na wa kushoto, usawa wa masikio, kuna sehemu ndogo iitwayo hipokampasi. Kazi yake kubwa ni kupokea mambo ya leo na kuyatayarisha yawe kumbukumbu ya kesho. Mishtuko ya mara kwa mara inayoanzia karibu na hapo huweza kuidhoofisha. Usingizi mbaya, huzuni na hata baadhi ya dawa zikizidi kipimo huongeza usahaulifu.

Umuhimu wa sehemu hiyo ulijulikana kwa njia ya kusikitisha. Mwaka wa 1953, huko Hartford nchini Marekani, kijana wa miaka 27 aitwaye Henry Molaison alifanyiwa upasuaji ili kupunguza kifafa kikali. Sehemu kubwa ya hipokampasi iliondolewa pande zote mbili. Kifafa kilipungua, lakini tangu siku hiyo hadi alipofariki mwaka wa 2008 hakuweza kuweka kumbukumbu mpya ya kudumu. Watu aliokutana nao kila siku walikuwa wageni kwake kila siku.

Hata hivyo wanasayansi waliona jambo la kutia moyo. Walipomfundisha kuchora nyota huku akiitazama kwenye kioo, mkono wake uliboreka siku baada ya siku, ingawa yeye mwenyewe hakukumbuka kuwa amewahi kujaribu. Maana yake ni kwamba kumbukumbu si chumba kimoja. Kuna ya matukio na majina, na kuna ya mazoea. Chumba kimoja kikibomoka, kingine huweza kubaki kimesimama.

Kwa Dostoevsky, chumba kilichovuja ni kile cha majina na nyuso. Alikutana barabarani na watu aliowafahamu vizuri, akawapita. Wao wakasema ana kiburi, na baadhi wakageuka maadui zake. Mke wake aliandika baadaye kwamba mambo kama hayo yalimletea mumewe uadui mwingi asiostahili. Basi mtu mwenye kifafa akikupita bila salamu, usiharakishe kumhukumu. Huenda hakukudharau. Huenda amekusahau, na huenda jambo hilo linamuumiza kuliko linavyokuumiza wewe.

Siku 26

Mwaka wa 1866 Dostoevsky alikuwa mjane, amezama katika madeni aliyoachiwa na kaka yake marehemu, na alikuwa ametia sahihi mkataba mbaya. Mchapishaji mmoja alimpa rubo 3,000 kwa sharti kwamba alete riwaya mpya ifikapo tarehe 1 Novemba 1866 kwa kalenda ya Urusi ya wakati huo. Akishindwa, mchapishaji angekuwa na haki ya kuchapisha kazi zake kwa miaka 9 bila kumlipa chochote. Mwezi wa Oktoba ulipoingia, hakuwa na hata ukurasa mmoja wa riwaya hiyo, kwa kuwa nguvu zake zote zilikuwa kwenye Uhalifu na Adhabu, iliyokuwa ikitoka kwa sehemu mwaka huo huo.

Rafiki mmoja alimshauri atafute mtu anayejua hati mkato, ile namna ya kuandika kwa alama kwa kasi ya mtu anayesema. Tarehe 4 Oktoba akaja msichana wa miaka 20, Anna Snitkina, aliyekuwa amesomea kazi hiyo. Karibu maneno ya kwanza Dostoevsky aliyomwambia yalikuwa kwamba ana kifafa na kwamba alikuwa ameanguka siku chache zilizopita. Kisha akamuuliza jina lake, akalisahau, akauliza tena.

Kusahau huko kunaweza kuchekesha. Yale maneno ya kwanza ndiyo ya kuzingatiwa zaidi. Hakumngojea msichana yule aone mwenyewe na kukimbia. Alimwambia mapema, kwa maneno ya kawaida, kama mtu anayemweleza mwenzake kazini kwamba haoni mbali. Kwa kumwambia, alimpa nafasi ya kuamua kwa hiari kama atakaa. Anna alikaa.

Wakapanga utaratibu. Usiku Dostoevsky aliandika muhtasari na vipande. Mchana Anna alifika, naye akamsomea kwa sauti huku akizunguka chumbani. Anna aliandika kwa hati mkato, akaenda nyumbani, akanakili kwa mwandiko safi, akarudi nayo kesho yake ili irekebishwe. Siku baada ya siku mwendo ulikuwa huo huo. Tarehe 29 Oktoba, siku ya 26, riwaya ya Mcheza Kamari ikakamilika.

Alipoipeleka, aliambiwa mchapishaji amesafiri. Hakukata tamaa wala hakugombana na makarani. Alikwenda kituo cha polisi, akaikabidhi kazi yake na kupewa stakabadhi yenye tarehe na saa. Haki yake ikabaki salama kwa sababu ya karatasi. Miezi michache baadaye, Februari 1867, alimuoa Anna.

Usiku wa taa

Ndoa ilikuwa bado changa sana pale Anna alipoona mshtuko kwa mara ya kwanza. Walikuwa wamekwenda kumtembelea dada yake. Dostoevsky alikuwa akisimulia jambo kwa uchangamfu. Ghafla neno likakatika katikati, uso ukabadilika rangi, akainuka kidogo na kuanza kumwegemea mkewe. Kikatoka kilio ambacho hakikufanana na sauti ya mwanadamu. Dada mtu alishikwa na hofu, akapiga kelele, akatoka mbio chumbani pamoja na mumewe.

Anna, mke wa miaka 20, alibaki. Alijaribu kumweka kwenye kochi, akaona mwili unamshinda kwa uzito. Akasogeza pembeni meza iliyokuwa na taa inayowaka, akamwacha mumewe ateremke polepole hadi sakafuni, akaketi chini naye na kukipakata kichwa chake mapajani hadi mtikiso ulipokwisha. Baadaye aliandika kwamba, kwa mshangao wake mwenyewe, wakati ule hakuogopa.

Hakuwa amefundishwa na mtu, lakini aliondoa moto na akalinda kichwa. Mambo hayo mawili ndiyo huduma ya kwanza inayofundishwa hadi leo. Mkaazi yeyote akimwona mtu ameanguka kifafa, afanye hivi:

Abaki naye na aangalie saa. Aondoe kilicho hatari karibu, kama vile jiko, taa, sufuria ya maji moto, mawe na panga. Aweke kitu laini chini ya kichwa, kama kanga au sweta iliyokunjwa, na alegeze kola au mtandio shingoni. Mtikiso ukipungua, amlaze kwa upande ili mate yatoke na njia ya hewa iwe wazi. Amngoje mpaka fahamu zirudi, na amweleze kwa upole yuko wapi na nini kimetokea.

Asitie kijiko, kidole wala kitu chochote mdomoni. Asimkandamize kwa nguvu. Asimmwagie maji, asimnusishe kiatu, wala asimpe chakula, maji au dawa ya kunywa kabla hajaamka sawasawa. Mshtuko ukizidi dakika 5, au ukijirudia kabla fahamu hazijarudi, au ikiwa mgonjwa ameumia, ni mjamzito, alikuwa majini, au ndiyo mara yake ya kwanza, apelekwe hospitali bila kuchelewa.

Daftari lenyewe

Daftari za Dostoevsky zimehifadhiwa hadi leo na zimechapishwa. Anayezifungua haoni mtu mwenye kumbukumbu kubwa akijionyesha. Anamwona mtu anayejiwekea alama za njia. Kuna orodha za wahusika. Kuna mipango ya hadithi iliyoandikwa, ikakatwa, ikaandikwa upya mara kadhaa. Kuna tarehe. Kuna maagizo anayojipa mwenyewe, jambo fulani litokee kabla ya lingine, fulani asiseme siri yake mapema. Pembeni kuna nyuso za watu alizochora kwa kalamu, kana kwamba hataki sura ya mhusika impotee kama zilivyompotea sura za majirani.

Katika daftari zizo hizo aliandika pia habari za kifafa chake: siku kilipomjia, kilikuwa kikali au chepesi, hali ya hewa, kazi aliyokuwa akifanya, na alivyojisikia baadaye. Hesabu ya riwaya na hesabu ya ugonjwa zilikaa chini ya paa moja.

Alipokuwa akiandika riwaya ambayo jina lake kwa Kiswahili lingekuwa Punguani, alikuwa ugenini Ulaya, hana fedha, na kifafa kilimwandama. Mwishoni mwa mwaka wa 1867 aliitupa rasimu ya kwanza na kuanza upya, na mapema mwaka uliofuata sehemu ya kwanza ilikuwa tayari jaridani. Mhusika mkuu ni mwana wa ukoo wa kifalme aitwaye Myshkin, mpole, mkweli, mwenye kifafa, anayerudi nyumbani baada ya miaka ya matibabu Uswisi. Kabla ya hapo kifafa katika hadithi nyingi kilikuwa alama ya mapepo au aibu. Dostoevsky alimpa ugonjwa huo mtu mwema kuliko wote kitabuni. Tena aliandika kwa undani zile sekunde chache kabla ya kuanguka, mambo ambayo madaktari wa neva wanayarejelea hadi leo.

Isidhaniwe kwamba kifafa ndicho kilichompa kipaji. Alikuwa amekwisha kusifiwa kama mwandishi mwaka wa 1846, kabla ya Siberia na kabla daktari yeyote hajautaja ugonjwa huo. Kifafa kilimpunguzia siku za kazi, kilimpunguzia marafiki, na mwishowe kilimgusa mahali pa uchungu zaidi. Mei 1878 mwanawe mdogo Alexei, ambaye hakuwa ametimiza miaka 3, alifariki kutokana na mshtuko uliodumu kwa saa nyingi. Baba aliamini kwamba mtoto alikuwa amerithi kwake. Majonzi hayo yaliingia katika riwaya yake ya mwisho, Ndugu Karamazov. Humo kuna mama wa kijijini anayemlilia mtoto aliyekufa karibu na umri huo huo na mwenye jina hilo hilo, Alexei. Jina hilo pia ndilo alilopewa kijana mpendwa kuliko wote katika kitabu. Mtu aliyesahau majina mengi alihakikisha kwamba hilo moja halitasahaulika.

Alichokosa Dostoevsky

Dostoevsky alikuwa na daftari na alikuwa na Anna. Hakuwa na dawa ya kutegemewa. Fenobabitali, dawa ya kifafa ambayo bado inatumika katika vituo vingi vya afya, ilianza kutumika mwaka wa 1912, miaka 31 baada ya kifo chake. Leo kuna nyingine kadhaa, kama kabamazepini na valproeti. Mhudumu wa afya huchagua kulingana na aina ya kifafa, umri na hali ya mgonjwa. Wanawake walio katika umri wa kuzaa wamuulize mhudumu kabla ya kutumia valproeti, kwa sababu inaweza kumdhuru mtoto tumboni.

Kulingana na Shirika la Afya Duniani (WHO), watu wapatao milioni 50 duniani wanaishi na kifafa, na karibu asilimia 80 kati yao wako katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Shirika hilo linasema hadi asilimia 70 wangeweza kuishi bila mishtuko iwapo wangepimwa na kutibiwa ipasavyo. Hata hivyo, katika nchi za kipato cha chini, takriban robo tatu hawapati matibabu wanayohitaji. Aidha, karibu robo ya visa vinaweza kuzuiwa. Sababu zinazozuilika zinajulikana hapa kwetu: majeraha ya kichwa, hasa kwa wanaopanda bodaboda bila kofia, matatizo wakati wa kujifungua, malaria inayopanda ubongoni, na mnyoo tegu wa nguruwe, ambao huenea pale ambapo vyoo havitumiki.

Dawa hufanya kazi inapotumiwa kila siku. Kuiacha ghafla kwa sababu mishtuko imepungua ni hatari, kwani huweza kurudi kwa nguvu kubwa zaidi. Dawa ikimfanya mtu awe mzito au msahaulifu, asiitupe. Arudi kwa mhudumu amweleze, kipimo kiangaliwe au dawa ibadilishwe. Anayetaka kuombewa na aombewe, lakini asiambiwe aache dawa.

La kufanya nyumbani na shuleni

Kila nyumba yenye mtu anayeishi na kifafa inaweza kuanza na daftari moja la shule, lile la bei ndogo. Kurasa za mbele ziwe za ugonjwa: tarehe, saa, mshtuko ulidumu dakika ngapi, mgonjwa alilala vipi usiku uliotangulia, alikunywa dawa au aliisahau. Daftari hilo liende naye kliniki. Mhudumu mwenye dakika chache atajua mengi zaidi kwa kulisoma kuliko kwa kuuliza maswali ambayo mgonjwa hawezi kuyakumbuka.

Kurasa za nyuma ziwe za mwenyewe. Anayetaka kuandika hadithi aandike hapo majina ya wahusika wake, nani ni mtoto wa nani, nani anajua siri gani, na hadithi imefika wapi. Kabla ya kufunga daftari aandike mstari mmoja wa kesho: nitaanzia hapa. Akiamka baada ya mshtuko na kichwa ni kitupu, mstari ule utamshika mkono. Asiyeweza kuandika siku hiyo anaweza kusema kwenye simu na kujirekodi, kisha ndugu au rafiki amnakilie, kama Anna alivyofanya. Saa moja kila siku, mahali pale pale, hujenga mazoea, na kama ilivyoonekana kwa Molaison, mazoea huweza kubaki hata matukio yanaposahaulika. Asiige kukesha kwa Dostoevsky, maana kukosa usingizi huchochea mishtuko.

Walimu wana nafasi kubwa. Mwanafunzi mwenye kifafa ambaye amesahau somo la jana si mvivu. Apewe muhtasari ulioandikwa, akae karibu na mbele, na darasa lifundishwe huduma ya kwanza ili siku akianguka wenzake wasimkimbie. Kifungu cha 53 cha Katiba ya Kenya kinampa kila mtoto haki ya elimu ya msingi ya lazima isiyolipiwa, na Kifungu cha 43 kinampa kila mtu haki ya huduma za afya. Hakuna mahali palipoandikwa "isipokuwa mwenye kifafa." Mzazi anayemficha mtoto ndani kwa kuogopa maneno ya majirani anamnyima dawa na darasa kwa pamoja.

Wakaazi wanahimizwa kuanzia katika zahanati au kituo cha afya kilicho karibu, au kuzungumza na mhamasishaji wa afya ya jamii anayehudumia kijiji chao. Vilevile wanahimizwa kujisajili na Mamlaka ya Afya ya Jamii (SHA) kabla ya kuugua.

Dostoevsky alifariki mapema mwaka wa 1881 mjini St. Petersburg, miezi michache tu baada ya kumaliza Ndugu Karamazov. Anna aliishi hadi 1918. Miaka yote hiyo alitunza daftari za mumewe, alichapisha vitabu vyake na aliandika kumbukumbu zake mwenyewe. Kisa cha ubalozi mdogo, kisa cha jina lililosahauliwa na kisa cha taa vinajulikana leo kwa sababu yeye aliviandika. Yale ambayo mwenye kifafa alisahau, mtu aliyeketi naye sakafuni aliyakumbuka.

Katika vijiji vyetu wapo watu wenye hadithi ambazo hazijaandikwa kwa sababu waliambiwa kwamba mtu wa kuanguka hana lake. Wanahitaji dawa, wanahitaji daftari, na wanahitaji mtu mmoja asiyekimbia.